Matapishi ya Geza

9 Februari

Leo meneja Octavian ameniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia nimeula. Hoteli yetu imechaguliwa kuonyesha ile filamu ya muziki wa roki waliyoirekodi hapa hapa Dodoma kiangazi kilichopita. Mimi, mkuu wa kaunta, nitunge kokteli nne zinazotokana na filamu hiyo. "Siyo kuchanganya tu, Zipora," akasema. "Kila glasi iwe tukio. Mtu akinywa aione filamu." Onyesho ni Jumamosi tarehe 28 Machi, ukumbi wa mikutano, saa tisa mchana.

Nimefurahi, sifichi. Miaka sita nawamiminia watu wa semina ambao hata hawatazami wanachokunywa.

Mavuno ya zabibu yameanza na mvua haikatiki. Kreti tulizoletewa kutoka Hombolo zimefika zabibu zimepasuka, nzi juu yake kama shela. Nyuma ya jiko pananuka kama mdomo wa mlevi asubuhi. Harufu hiyo naijua. Nimelelewa nayo Kibakwe.

11 Februari

Mvua. Nimevunja glasi mbili.

13 Februari

Tumeitazama filamu kwenye kompyuta ya meneja, yeye, mimi na Sabrina, binti wa Kondoa anayehudumia meza. Ni habari ya Geza, kijana wa Dodoma aliyeanzisha bendi ya roki miaka ya tisini, wakati watu wote hapa wanapiga dansi na kwaya. Dakika ishirini za kwanza anapiga gitaa mpaka nikasahau kuwa niko kazini. Halafu anaanza kunywa, na filamu nzima iliyobaki ni kunywa. Anatapika jukwaani, juu ya maikrofoni, mbele ya umati, na kamera haibanduki. Inasogea karibu. Mkewe anakufa kwa huzuni. Geza analala juu ya kaburi lake na chupa, mwisho anapigwa na radi.

Octavian alirudisha lile tukio la kutapika mara tatu, na mara zote tatu alicheka. Sabrina aliziba macho kwa mtandio.

Mimi Geza alinichefua. Mwanaume wa namna ile simwonei huruma. Baba yangu alikuwa yeye, tofauti ni gitaa tu. Nilikuwa na miaka tisa nikijua kudeki matapishi gizani bila kuamsha wadogo zangu. Walevi nawachukia, na ndio wanaonilisha. Sijawahi kulisema hilo kwa mtu.

Filamu ilipoisha Octavian akasema, "Mnajua huyu mtu yupo? Anaitwa Gerson. Anakaa hapa hapa mjini, mtaa wa Kikuyu, anatengeneza redio na spika."

"Si kafa?" nikauliza.

"Kwenye filamu. Hata mkewe yupo." Akacheka tena.

17 Februari

Kokteli ya kwanza imekubali. Maua ya choya, yale ya juisi nyekundu, nimeyachemsha na tangawizi, nikaweka pombe ya jini na tone la pilipili, ikatoka nyekundu kama taa ya breki. Nimeiita Waya Mwekundu. Ya pili nimepaka unga wa ubuyu kwenye ukingo wa glasi, ndani wain ya hapa hapa na asali ya nyuki wadogo. Hiyo ni Vumbi la Jukwaa. Naonja kwa ncha ya kijiko, nasukutua, natema. Octavian alikunywa zote mbili akanishika bega. "Wewe ni msanii," akasema. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nimetembea nyumbani kwa miguu kwenye matope bila kuyaona.

19 Februari

Sabrina kafunga Ramadhani. Yeye hubeba sahani, maji na soda. Glasi za pombe hashiki, ndivyo walivyokubaliana na meneja tangu mwanzo. Huwa namwona ana maringo. Leo nilimwambia anifutie kaunta iliyomwagikiwa, akanitazama, akaifuta, akaenda kunawa mikono mara mbili. Imeniudhi.

24 Februari

Nimeharibu kinywaji. Nilikuwa natafuta kokteli ya maziwa, nikamimina krimu na jini, na ndimu nikaisahau iko chini ya glasi. Ikaganda mabonge mabonge. Maganda ya zabibu zilizopondwa yakaelea katikati, rangi ya zambarau iliyofifia, na maji ya njano yakatoka pembeni kama jasho. Nikaisogeza kwenye sinki nikigeuza uso.

"Usimwage!" Octavian alikuwa nyuma yangu. Akaiinua kwenye mwanga kama mtu aliyeokota kito. "Zipora! Hii ndiyo yenyewe. Matapishi ya Geza!"

Nikacheka, nikidhani anatania.

27 Februari

Hakuwa anatania. Menyu imechapishwa. Ya nne ameitunga yeye, kahawa na pombe kali na biskuti nyeusi zilizosagwa juu kama udongo wa juzi, kijiti cha mdalasini kimesimama katikati. Kaburi la Mke.

Amenifanya nirudie Matapishi mara kumi na mbili ili mabonge yawe na ukubwa mmoja. Sasa nayajua: ndimu kwanza, krimu polepole, usitikise. Mikono inanuka maziwa yaliyolala. Nimeoga mara mbili na bado.

3 Machi

Mvua mpaka kwenye korido. Sijala.

5 Machi

Huyo Gerson amekuja kutengeneza spika za ukumbi. Nilitegemea mtu mkubwa. Ni mzee mwembamba, koti la mvua limemzidi, mkoba wa zana umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kucha nyeusi. Nilimsalimu shikamoo kwa sababu ya adabu tu. Moyoni nilikuwa naiona ile maikrofoni. Aliomba maji. Nilipompa, alinusa glasi kwanza, akainusa tena, ndipo akanywa. Nikajisemea, mlevi ni mlevi, mpaka maji ananusa.

"Spika zenu nzima, binti," akasema. "Panya kala waya." Akakaa chini sakafuni saa mbili nzima, akaunga uzi mmoja mmoja. Alipomaliza akajipangusa magotini na kuniuliza, kama mtoto anayeogopa kukatazwa, "Ni kweli watalileta lile gitaa langu la zamani? Meneja kaniambia wale wa filamu walilipata, jekundu, na siku hiyo ataniacha nilipige."

Nikamwambia sijui, nikaichukua ile glasi na kuiosha kwa maji ya moto.

12 Machi

Tumewaonjesha watu wa kwanza, kama thelathini, vijana wa ofisi na wanachuo. Waya Mwekundu iliachwa nusu. Vumbi la Jukwaa hakuna aliyelitaja. Walichotaka ni Matapishi. Walikuwa wanahesabu moja, mbili, tatu, wanabugia, wanajifanya wanatapika, mwingine anashika simu. Dada mmoja mwenye gauni jeupe alibaki na bonge kwenye mdomo wa juu, akacheka nalo hivyo hivyo, likatetemeka. Nilikwenda stoo nikasimama kati ya kreti na kupumua kwa mdomo.

Nilipotoka Octavian alikuwa ananipigia makofi. Ukumbi wote ukanipigia makofi. Nikainamisha kichwa kama wanavyoinamisha wasanii. Hilo ndilo linalonichefua kuliko bonge.

19 Machi

Nataka kuliandika hili lote kabla sijalipamba.

Saa nne asubuhi baa haina mtu. Akaingia mama mmoja wa makamo, kitenge kimelowa mpaka magotini, mfuko wa plastiki kichwani dhidi ya mvua. Akakaa kwenye kiti kirefu kwa shida, kama watu wasiozoea viti vya baa. Nikamsalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe maji tu. Mume wangu alisahau bisibisi yake hapa juzijuzi, nimetumwa."

Nikajua ni nani. Nikaanza kutafuta hiyo bisibisi haraka, maana menyu ilikuwa mbele yake, imesimamishwa kwenye kishikio chake, na picha. Niliipata bisibisi chini ya rejista. Nilipoinuka alikuwa ameshaishika menyu, ameisogeza mbali na macho, anasoma kwa midomo.

"Wewe mtu wa wapi?" akauliza bila kuinua macho.

"Kibakwe."

"Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo, na nikaitikia. Halafu akaweka kidole. "Hapa wameandika Kaburi la Mke. Mke wa nani?"

"Wa... wa kwenye filamu, mama. Wa Geza."

"Geza ni Gerson. Mke wa Gerson ni mimi. Naitwa Anna." Aliitazama ile picha, zile biskuti. "Kwa hiyo hili ni kaburi langu. Na wanalinywa."

Kidole chake kikashuka kwenye mstari wa chini. Nilitamani umeme ukatike.

"Hili la kutapika," akasema, "ni uongo. Jukwaani hakutapika hata siku moja. Jukwaani alikuwa anasimama wima hata kama kanywa pipa, alikuwa anawaheshimu watu. Alikuwa anatapika nyumbani. Nikideki mimi. Miaka minane. Hao wa filamu hawakuwepo, ndoo nilikuwa nashika mimi." Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Siku moja nikamwacha akalala ndani yake mpaka asubuhi. Nilikaa kwenye kigoda nikamngoja aamke ajione. Tangu siku hiyo hajagusa. Mwaka wa kumi na moja huu. Mpaka leo kila anachopewa ananusa, hata uji wangu ananusa. Hajiamini, unaona. Anaogopa mwili wake kama mtu anavyomwogopa mbwa aliyewahi kumng'ata."

Akarudisha menyu mahali pake, akaiweka sawa.

"Ni wewe unayevitengeneza hivi?"

"Hapana mama," nikasema. "Ni meneja."

Nilimdanganya mwanamke aliyedeki miaka minane. Mimi niliyedeki. Alinishukuru kwa maji, akachukua bisibisi, akavaa mfuko wake kichwani na kutoka kwenye mvua. Kwenye kioo cha nyuma ya chupa nikauona uso wangu, nikageukia upande mwingine.

20 Machi

Idi. Sabrina kaleta pilau kwa wafanyakazi wote, mimi sahani yangu kaifunika peke yake. Sikustahili.

21 Machi

Nimemwomba Octavian abadilishe majina mawili. Alinisikiliza vizuri kabisa, hata kiti alinivutia. "Zipora, una moyo mzuri, ndiyo maana nakupenda kazini. Lakini filamu siyo maisha. Watu wanakuja kucheka. Mzee mwenyewe atafaidika, atajulikana upya." Akanipa peremende. Nilikuja kushtuka nje kwamba nimeshaila.

26 Machi

Leo kanieleza mpango. Jumamosi, filamu ikiisha, atamwita Gerson jukwaani, atamkabidhi lile gitaa jekundu, halafu mimi nitapanda na glasi moja ya Matapishi. Geza halisi anakunywa Matapishi ya Geza, simu mia mbili zinarekodi.

"Hanywi, bosi. Mwaka wa kumi na moja."

"Najua. Utamwambia ni maziwa mgando na zabibu. Wewe anakuamini, ni Mgogo mwenzio."

"Basi nitengeneze isiyo na pombe kweli."

Akatabasamu, akapunguza sauti. "Hapana. Iwe yenyewe. Uso wake ukibadilika, hapo ndipo pana filamu. Funda moja halimuui mtu."

Alisema hivyo huku anajipangusa makombo ya sambusa kwenye tai. Huyu ndiye aliyeniita msanii, na mimi nikatembea kwenye matope nikielea. Sasa namtazama vidole, namtazama meno, kila kitu chake kinanitia kichefuchefu, na najua mwezi uliopita vilikuwa vidole na meno hivi hivi.

Sabrina alikuwa mlangoni na trei. Tulipobaki wawili akaniambia, "Dada Zipora, nimesikia. Ukimpa, mimi nitamwambia mbele za watu, wanifukuze." Ana mama mgonjwa kule Kondoa anayemtegemea. Mimi nilimwita mwenye maringo.

Niliosha vijiko vilivyokuwa visafi.

28 Machi

Watu walijaa mpaka wengine wakasimama. Mvua ilipiga bati la ukumbi mpaka sauti ya filamu ikawa inakuja na kupotea, na watu wakawa wanacheka mahali ambapo hapachekeshi. Gerson na Anna walikuwa safu ya mbele, mzee kavaa suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Sikuwatazama wakati wa tukio la maikrofoni. Nilisikia kelele tu. Lilipofika kaburi, mtu mmoja nyuma aliinua glasi yake ya biskuti akapiga kelele, "Kwa marehemu!" Anna alikuwa mita tano mbele yake.

Glasi nilikuwa nimeshaitengeneza. Naandika ukweli: niliitengeneza yenyewe, na jini, kama nilivyoagizwa, kwa sababu Octavian alisimama pembeni akiangalia chupa, na kwa sababu mpaka dakika ile sikujua mimi ni mtu wa aina gani.

Gerson akaitwa. Walimpigia makofi ya kweli, nadhani wengine hawakuamini kuwa yu hai. Octavian akamvisha gitaa. Mzee akaligeuza, akapitisha kidole gumba nyuma ya shingo ya gitaa, akasema polepole kwenye maikrofoni, "Hili siyo langu. Langu lilikuwa na ufa hapa." Watu wakacheka. Akatazama chini kama aliyeambiwa kuna msiba. Naamini alikuja kwa ajili ya gitaa lile tu.

"Na sasa!" akasema Octavian, akanipungia.

Nilipanda. Mabonge yalikuwa yanapanda na kushuka kwenye glasi kila nilipokanyaga ngazi. Watu wakaanza, "Kunywa! Kunywa! Kunywa!" Nikamkabidhi, nikasogea karibu na sikio lake.

"Mzee, ina pombe. Nimeagizwa nikudanganye."

Nilidhani ataiweka chini. Hakuiweka. Vidole vyake vilikaza.

"Nimeijua tangu uko kwenye ngazi, binti," akasema. "Jini." Namna alivyolitamka ni kama jina la mtu. Akaisogeza puani. Akafumba macho. Koo lake likapanda na kushuka, nami nikaelewa kwa hofu kwamba ukweli wangu haukuwa umemsaidia chochote, kwamba alikuwa amesimama peke yake na kitu kile na mimi ndiye niliyempelekea. Jasho lilimtoka kwenye paji, mikunjo ya uso ikaanza kucheza. Octavian alikuwa anawaonyesha watu wa kamera kwa mkono: uso, uso.

Kutoka nyuma, karibu na mlango wa jikoni, Sabrina akapiga kelele, "Ina pombe! Mzee, ina pombe!" Hakuna aliyemsikia kwa mvua na wimbo wa kunywa, kunywa.

Anna alipanda ngazi taratibu, akishika ukuta. Hakuigusa ile glasi. Alisimama kando ya mumewe, bega kwa bega, akitazama watu kama wanavyosimama kwenye picha ya harusi, akangoja. Sijui ni muda gani. Kelele zilipungua zenyewe, kwanza mbele, halafu nyuma, mpaka ikabaki mvua.

Gerson akafumbua macho. "Anna," akasema, "naitaka." Maikrofoni ikalipeleka neno hilo ukumbi mzima.

"Najua," akasema Anna.

Basi akampa ile glasi. Anna akanipa mimi, bila kunitazama. "Kamwage."

Nikapita katikati ya watu na glasi ile, wakinipisha kama nimebeba mgonjwa, mpaka mlango wa nje, nikaimwaga kwenye mtaro. Yale mabonge yalikaa juu ya maji kidogo, kisha mvua ikayachukua. Nikatapika palepale. Kuna mtu alinirekodi.

29 Machi

Nimefukuzwa kwa ujumbe wa simu. Sabrina pia. Jua limetoka kutwa.

2 Aprili

Video imezagaa. Sabrina alipita kuchukua barua yake hotelini, anasema baa imejaa mchana kweupe na wote wanaagiza Matapishi. Kuna kijana mpya anayatengeneza. Menyu sasa ina picha ya Gerson mwenyewe, yale macho aliyofumba. Octavian alimsalimia Sabrina vizuri, akamuulizia mama yake.

Kipimo ni changu. Ndimu kwanza, krimu polepole. Nimewaachia.

4 Aprili

Nimekwenda Kikuyu. Sikuwa na cha kubeba, nikanunua mkate. Anna alinifungulia.

"Ni mimi ninayevitengeneza," nikamwambia hapo hapo mlangoni. "Siku ile nilikudanganya."

"Nilijua. Mikono yako ilikuwa inanuka ndimu. Pita."

Gerson alikuwa mezani kwake, redio tatu zimefunguliwa matumbo, hajagusa hata moja. Macho mekundu. Nikatafuta chupa kwa macho.

"Hajanywa," Anna akasema upesi. "Hajalala. Siku ya saba. Anasema ile harufu imeingia haitoki, akifumba macho iko hapo."

Nilipiga goti, nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza kwa mkono.

"Acha hayo, binti. Niambie mlichoweka."

"Mzee?"

"Ndani ya ile glasi. Kimoja kimoja. Kichwani kwangu imekuwa kitu kikubwa, imekuwa na jina langu. Nataka nijue ni nini."

Nikamtazama Anna. Akaitikia kwa kichwa, akakaa, akaanza kuchambua mlenda kwenye ungo.

"Ndimu moja," nikasema. "Imekamuliwa."

"Ndimu ya wapi?"

"Ya sokoni. Halafu krimu, vijiko vinne. Ya boksi."

"Ya boksi," akarudia.

"Inaganda kwa sababu ya ndimu. Ni hivyo tu, mama yeyote anajua. Halafu zabibu za Hombolo, zile zilizopasuka na mvua. Zilikuwa zinataka kutupwa. Nikaziponda kwa mwiko."

"Na jini."

"Na jini. Vipimo viwili."

Akasema, "Tena."

Nikasema tena. Ndimu, krimu, zabibu mbovu, jini. Akaniuliza glasi ilioshwa kwa sabuni gani, nikamwambia. Akasema tena. Mara ya nne nilianza kuisikia kama mtu anayemtuma mwenzie dukani, na mara ya sita au ya saba Gerson alikuwa haulizi, ameegemeza kichwa ukutani kati ya kalenda ya kanisa na mafungu ya waya. Niliendelea, sauti ikipungua. Ndimu ya sokoni. Krimu ya boksi. Mdomo wake ukafunguka kidogo. Alikuwa amelala.

Nikainuka polepole kuchukua viatu vyangu.

Anna akatikisa kichwa, akasogeza ungo ili nusu ya mlenda iwe upande wangu.

"Kaa," akanong'ona. "Akiamka atauliza tena."

Nikakaa.